Yusufu, ulikuwepo

Moshi, Pasua
11 Januari

Kaka Yusufu,

Asalaam aleikum, na heri ya mwaka mpya japo umeshaanza kuchakaa. Najua nina deni la simu zako tatu. Mama Shani hajambo? Na yule kijana wa Babati mlimalizana vipi? Sisi huku wazima, ila nina kitu kimenikaba kooni tangu Krismasi, na nimeona nikikupigia nitapayuka mpaka vocha iishe kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Ndiyo maana naandika.

Ni ile TV.

Ile inchi 43 uliyonisindikiza kununua hapo Arusha tarehe 21 Desemba. Kwanza nikueleze nilivyoibeba, utaona mbele kwa nini. Konda wa Coaster alitaka kuilaza juu ya keria pamoja na matenga ya kuku. Nikakataa, nikailipia siti kama abiria, ikakaa wima dirishani nimeikumbatia mpaka Kwa Sadala. Mama mmoja akaniuliza kama tayari nimeshapeleka posa. Kutoka Kwa Sadala kupanda Machame kwa mama nilikodi Noah nzima, ili tu isibanwe na magunia ya watu. Kwa hiyo mtu akiniambia iligongwa njiani, aniambie iligongwa na nini.

Tukaifunga tarehe 23 jioni. Unajua Desemba yetu, ukoo mzima umepanda mlimani, hata Mushi safari hii alikuja, na gari la kuazima kama kawaida yake. Ikawaka safi. Mama akasema anaona mpaka jasho la mtangazaji. Siku ya Krismasi tumetoka ibadani, tumekaa tunaangalia kwaya, mtori bado uko kwenye bakuli, kioo kikawa cheusi ghafla. Sauti ipo, kwaya inaendelea kuimba, picha hakuna. Na rimoti alikuwa ameishika mama. Aliiweka mezani taratibu, akafuta vidole kwenye khanga, akauliza, "Nimebonyeza wapi?"

Watu ishirini sebuleni, hakuna aliyemjibu.

Baraka, yule wa kidato cha tatu, ndiye aliyetumia akili. Akazima taa ya sebule, akawasha tochi ya simu, akaimulika kioo kwa karibu sana. Aisee, wanakwaya walikuwepo! Wamefifia kama watu wa ndani ya ukungu, lakini midomo inacheza. Tukampigia fundi wa Boma Ng'ombe, akasema hapo kioo hakina shida, zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo. Kingekuwa kimepasuka tungeona michirizi au doa kama wino uliomwagika. Akataka elfu themanini aje abadilishe. Nikamwambia asiiguse, kwa sababu nyuma kuna lakiri, na kadi ya waranti inasema ukiifungua tu, umeiua.

Tarehe 28 nikashuka nayo tena mpaka Arusha. Siti yake tena, nauli yake tena. Wewe ulikuwa Babati. Yule kijana wa dukani aliyetuita "wazee wangu" na kutuletea soda alinitazama kama mtu aliyeingia kuomba chenji. Wakaichomeka, wakasikia sauti, wakaona giza, kwa hiyo ubovu hawaukatai. Kwanza wakasema ni umeme wa kijijini. Nikawaambia nyumbani kuna stabilaiza tangu enzi za friji ya marehemu mzee. Wakasema basi tumeiangusha. Nikawaonyesha kioo, hakina hata mkwaruzo. Hapo ndipo bosi wao akatoka nyuma akauliza swali moja tu: "Risiti ya mashine iko wapi?"

Yusufu, wewe unajua iko wapi. Haipo.

Nimeliwaza hili kila usiku. Kijana alisema bei ni laki saba na sabini, lakini "kama huna haja ya risiti" nitoe laki saba na ishirini. Wewe ukanivuta pembeni ukasema, "Anaeli, chukua risiti." Mimi nikakujibu kwamba TRA hawaji kula Krismasi kwetu. Ukacheka, lakini hukucheka sana. Elfu hamsini! Nimeshazimaliza kwenye nauli za hilo boksi. Na kisheria sina pa kujificha: muuzaji ana kosa la kutotoa risiti, na mimi mnunuzi nina kosa la kutoidai. Bosi analijua hilo vizuri, ndiyo maana aliniuliza huku anatabasamu. Kile kikaratasi cha mkono walichonipa kina maneno yaliyopigwa muhuri chini, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi," na hata kadi ya waranti hawakuigonga.

Nikarudi nimeinama. Hapo Pendo ndiye aliyeniinua (alimaliza Chuo Kikuu cha Mzumbe, sijui kama nilikwambia). Akasema kwanza niache kujipiga. Kukosa risiti ya mashine hakufuti kwamba niliuziwa kitu. Nililipa kwa lipa namba, na ujumbe upo kwenye simu, una jina la duka, kiasi na saa. Namba iliyo nyuma ya TV inalingana na ya kwenye boksi. Na waranti, anasema, ni ahadi ya mtengenezaji, lakini muuzaji naye ana wajibu wake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na TV isiyoonyesha picha inafaa kwa kazi gani? Ule muhuri wa "hairudishwi" haumkingi mtu aliyeuza kitu kibovu. Ningerudi kusema mama hapendi rangi ya fremu, hapo wangenifukuza kwa haki.

Wakikaidi, kuna Tume ya Ushindani, ile FCC iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kulinda walaji ni kazi yake, na ofisi ya kanda iko hapo hapo kwenu Arusha. Ikishindikana kabisa, Mahakama ya Mwanzo. Mimi mahakama sitaki, nafsi yangu inakataa. Lakini barua ya malalamiko nimeshaandika na Pendo ameisahihisha, amefuta neno "wezi" mara nne.

Sasa shida yangu kwako. Wewe ndiye shahidi. Ulisikia bei mbili kwa masikio yako, ulimwona kijana akiiwasha pale dukani, uliona boksi linafungwa. Naomba uandike ukurasa mmoja, uliyoyaona tu, usiniongezee chumvi, halafu Alhamisi uingie nami dukani. Siendi kugombana. Nitasema wabadilishe au warudishe laki saba na ishirini zangu. Pendo anasema huenda wakataka kwanza kurekebisha. TV ya siku mbili irekebishwe? Hapo bado nashindana na nafsi yangu.

Fedha inauma, sikatai. Lakini kinachoninyima usingizi ni mama. Mpaka leo anaamini ni yeye. Nimemweleza habari za taa za nyuma, Baraka amemmulikia na tochi, anaitikia "haya mwanangu," halafu ukigeuka anamwambia jirani kwamba vidole vyake vizito. Ameifunika kitambaa cha kufuma, na saa mbili usiku anaiwasha anasikiliza taarifa ya habari chini ya kitambaa. Anasema ni redio nzuri, sauti yake kubwa. Nataka yule bosi aseme kwa mdomo wake kwamba iliharibika yenyewe, nimrekodi, nimpelekee mama. Hiyo sikuiandika kwenye barua. Pendo angeifuta.

Haya niambie. Ile picha uliyonipiga nje nimekumbatia boksi, bado unayo? Nyuma yangu bango la duka linasomeka? Ofisi ya hiyo Tume iko upande gani siku hizi, na inafungua saa ngapi? Alhamisi una nafasi, au ndiyo zamu yako ya gereji? Yule kijana wa soda bado yupo pale, au wameshamhamisha? Na wewe, niambie ukweli, umenikasirikia kwa ile ya risiti? Maana simu zako tatu niliziona zote, aibu ndiyo iliyonizuia kupokea.

Nijibu kabla ya Jumatano nijue kama nipitie Machame kuichukua. Mama amekutengea parachichi nusu gunia, nitazileta. Safari hii hizo ndizo zitakazopanda juu ya keria.

Ndugu yako,
Anaeli