Mwanangu, ongea na mwanafunzi kabla ya kushika biki nyekundu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia. Unasema darasa lako la tatu la humanite, huko sekondari, lina wanafunzi 54, kopi zao za insha unasahihisha hadi usiku, na ukizirudisha wanatazama alama, wanakunja karatasi, basi. Makosa uliyoyazungushia nyekundu mwezi uliopita umeyakuta tena mwezi huu. Hakuna cha kushangaa hapo. Kwa mwanafunzi insha imekwisha tangu alipoitoa mkononi, kwa hiyo maneno yako ya pembeni yanamfikia kama habari za mwaka jana.

Kaa naye mapema, insha ikiwa bado bruyo, yaani rasimu, mmoja mmoja, dakika chache. Njia hii ina wenyewe. Donald Murray, mwandishi wa gazeti wa Marekani aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1954, alipokwenda kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire aliyafanya mazungumzo ya namna hii kuwa kiini cha masomo yake: mwanafunzi anasema kwanza, mwalimu anamfuata. Mwenzake wa chuo hichohicho, Donald Graves, alifanya kazi hiyo na watoto wa shule ya msingi. Lakini hao hawakufundisha Kadutu, mjini Bukavu, kwenye benchi la watu wanne, na nyuma yao hapakuwa na kundi la mchana linalosubiri mlangoni kuingia. Hesabu yako itakuwa nyingine.

Chukua kipindi cha dakika 50. Tano za mwanzo ni za kuwapa wengine kazi, tano za mwisho za kufunga. Zinabaki 40. Mpe kila mmoja dakika tano, na moja ya kupishana, ukiwaita sita umetumia 36. Nne zilizobaki ni akiba, maana yupo atakayezidisha. Kwa mwendo huo darasa zima linakula vipindi tisa, na prefe, mkuu wako wa shule, hatakubali, wala programu haitakusubiri. Basi gawa darasa mafungu matatu ya watu 18. Insha ya kwanza unaongea na fungu la kwanza kwa vipindi vitatu, insha ya pili fungu la pili, hivyohivyo. Wale wengine unawasahihishia kama kawaida. Ni afadhali mazungumzo 18 yaliyotulia kuliko 54 ya kukimbizana.

Wanaobaki kwenye mabenchi wape kazi inayoonekana: kila mtu aandike upya aya moja ya bruyo yake, ile anayoiona dhaifu kuliko zote, na utaikusanya kengele ikilia. Ukiwaambia tu "endeleeni kujisomea", dakika ya kumi utakuwa unapiga meza.

Meza yako isogeze pembeni, karibu na mlango ulio wazi. Ukae ukielekea darasa, mwanafunzi akae ubavuni pako, karatasi iwe mbele yake. Akikaa mbele yako mkatazamana atadhani yuko kwa hakimu. Na hili sikuachii uchague: usifanye mazungumzo haya na mwanafunzi peke yenu katika chumba kilichofungwa, wala baada ya watu kutawanyika, awe msichana au mvulana. Darasani, mbele ya macho ya wenzake, sauti ya chini. (Mvua ikipiga bati hamtasikilizana, siku hiyo andika swali moja kwenye kila bruyo, mazungumzo yahamie kipindi kingine.)

Bruyo za siku hiyo zisome usiku uliotangulia, mara moja tu, bila biki mkononi. Kwenye daftari lako andika mstari mmoja kwa kila mtu: jambo gani likirekebishwa insha hii itasimama? Jambo moja. Ukienda na matano atakumbuka la mwisho tu, au hatakumbuka kitu.

Akishaketi, usianze wewe. Muulize: "Ulitaka msomaji abaki na nini?" Kisha: "Ni wapi palikusumbua?" Halafu nyamaza, uhesabu kumi moyoni. Kimya hicho ni kigumu, na walimu wengi wanakivunja kwa kujibu wenyewe. Mtoto amezoea kwamba mwalimu akiuliza, jibu tayari analo, kwa hiyo anasubiri uliseme. Ukivumilia, ataanza. Akikujibu "Kote ni sawa, Madamu", mwambie akusomee kwa sauti aya moja. Mara nyingi atakwama palepale penye ubovu, bila wewe kuelekeza kidole.

Lugha isikutie wasiwasi. Insha ni ya Kifaransa, lakini mwache aeleze fikra kwa Kiswahili. Akilazimishwa kueleza kwa Kifaransa atakupa yale maneno ya kuazima aliyokwisha kuyaandika. Fikra ikishatoka, ndipo mtafute namna ya kuiweka kwa Kifaransa, na sentensi ya kwanza aitoe yeye hata ikiwa na makosa.

Tuseme mvulana ameandika juu ya uchafu wa ziwa Kivu. Aya ya kwanza inasema mazingira ni kitu cha maana kwa binadamu, ya pili inalirudia kwa maneno mengine. Katikati ya aya ya tatu ametupia sentensi moja: chupa za plastiki zinaelea mpaka bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, umeme unakatika. Hapo ndipo insha yake ilipo, na yeye hajui. Usimwambie bado. Uliza: "Hizo chupa zinatoka wapi?" Atakujibu kwamba mvua ikinyesha, mifereji ya huku juu inazishusha mpaka mto Kawa, na Kawa inazimwaga ziwani, hata nyumbani kwao kuna mfereji wa namna hiyo. "Hayo umeyaandika wapi?" Atapekua karatasi, asiyaone. "Yangekaa wapi?" Ukimwachia muda ataweka kidole juu kabisa ya ukurasa. Dakika tatu zimepita, hujasema neno kuhusu utangulizi mbovu, na ule utangulizi anaufuta mwenyewe.

Kalamu iwe mkononi mwake muda wote. Wewe mikono weka magotini. Ukimwandikia sentensi nzuri, ataileta kwenye kopi safi neno kwa neno, utampa alama kwa Kifaransa chako.

Sarufi na tahajia zina zamu yao, na si hii. Kuna faida gani kumrekebishia aksenti katika aya ambayo kesho haitakuwepo? Kwanza fikra, halafu mpangilio, halafu sentensi, na herufi mwishoni. Bruyo ikishakaa sawa, chagua kosa la aina moja linalojirudia, labda kitenzi kisichofuata wingi wa mtenda, utie nukta pembeni mwa kila mstari wenye kosa hilo. Usilipigie mstari. Mwache alitafute.

Hapa nakuonya, kwa sababu kosa hili walimu hulifanya bila kujua. Mwanafunzi dhaifu anaitwa mezani akapewa makosa ya tahajia matupu, yule hodari akaulizwa fikra. Mwisho wa mwaka dhaifu anaandika sentensi safi zisizo na kitu ndani. Mwenye makosa 30 muulize kwanza anataka kusema nini, sawasawa na wenzake. Na yule hodari usimfukuze kwa "vizuri, endelea". Naye amekuja kutafuta kitu. Muulize mtu asiyekubaliana naye angempinga vipi.

Usimalize kwa "Umeelewa?" Jibu ni "Ndiyo, Madamu" tangu Uvira hadi Goma. Mwambie: "Ukirudi kwenye benchi utafanya nini?" Akishasema, aandike chini ya bruyo mstari mmoja na tarehe: nitapandisha habari ya mifereji juu, nitafuta aya ya pili. Wewe uunakili kwenye daftari lako mbele ya jina lake. Kopi safi ikija, soma mstari huo kwanza, kisha utazame kama umetendeka. Usahihishaji wako utapungua sana, maana unajua unachotafuta.

Alama usitoe kwenye bruyo, hata ya penseli. Ukiandika 6/10 masikio yanafunga hapohapo.

Utampata aliyenakili kwenye intaneti, au aliyeandikiwa na kaka yake. Usimwaibishe. Chagua sentensi moja ngumu, mwombe akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa, mpe karatasi tupu, aandike mistari mitano ya yale anayoyajua juu ya mada hiyo, arudi nayo kipindi kinachofuata. Mistari hiyo ndiyo bruyo yake mpya.

Wenzako watasema unapiga soga darasani, na mzazi atauliza mbona kopi ya mwanawe haina nyekundu. Daftari lile ndilo ushahidi wako: jina, tarehe, jambo aliloahidi, kama alilifanya. Prefe akija, mpe alisome kabla hujajieleza.

Kwa walio mwaka wa mwisho, wanaongojea disertasio, ile insha ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mazungumzo yafanyike kwenye mpango wa insha, kabla ya aya yoyote kuandikwa; dakika tatu zinatosha. Na maswali usiyabadilishe mara kwa mara. Siku ya mtihani hakuna atakayekaa ubavuni pao, kwa hiyo lazima wawe wameyazoea kiasi cha kujiuliza wenyewe.

Anza na sita wiki ijayo, na usianze na wale sita bora. Niandikie nani alinyamaza zaidi na ulifanya nini.

Mama yako