Mhariri, huyo si senene

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa habari ya msimu wa senene huku kwetu Bukoba: mabati ya kuwanasia yamesimamishwa, taa zinawaka, vijana hawalali. Habari yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni picha. Mdudu mliyemweka pale ni nzige wa jangwani, na chini yake mkaandika kwamba senene ni "aina ya nzige anayeliwa Kagera". Jioni ileile mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam akanipigia: "Shangazi, mwaka huu usinitumie, naona kumbe ni wale nzige waliopuliziwa dawa." Na mimi nilikuwa nimeshamkaangia ndoo nzima.

Nimefundisha baiolojia sekondari miaka thelathini na moja, kwa hiyo picha ile sikuweza kuipita kimya. Nimemtoa senene mmoja kwenye ndoo ambayo bado haijachambuliwa, nimemfunika kwa glasi hapa mezani, nakuandikia huku namtazama.

Vipapasio vyake ni vyembamba kama uzi, na ni virefu mno. Kimoja kimebanwa chini ya ukingo wa glasi na ncha yake inachezacheza nje. Vya nzige ni vifupi, vimekakamaa, havifiki nusu ya mwili. Mtu akitazama hapo tu, picha yenu isingepita.

Huyu wangu ni jike, maana nyuma ana upanga. Watoto wengi hudhani ni mwiba wa kuchomea watu. Ni kifaa cha kutagia mayai: anaupenyeza kati ya bua la nyasi na jani lililolikumbatia, kama anaurudisha alani, na mayai yanabaki humo. Nzige jike hana kitu hicho. Ana vipande vifupi vigumu vya kuchimbia, anauzamisha mkia mchangani na kutaga humo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa wataalamu majina ya kuigawa jamii hii yote mara mbili. Ensifera maana yake ni wabeba upanga, na humo wamo senene na nyenje. Caelifera ni wabeba patasi, na humo wamo panzi na nzige. Kwa hiyo kumwita senene aina ya nzige ni kumhamishia ukoo wa watu wengine kabisa.

Masikio ndiyo yaliyokuwa yakiwachekesha wanafunzi wangu. Senene anasikia kwa miguu ya mbele. Chini kidogo ya goti utaona vijitundu viwili vyembamba, na ndani yake kuna kiwambo. Nzige masikio yake yako ubavuni, pale fumbatio linapoanzia, yamefunikwa na mabawa. Mama anayechambua senene, akishatupa miguu, ametupa na masikio.

Kuna na sauti. Dume hulia usiku kwa kukwaruza mabawa: la kushoto liko juu, chini yake kuna mshipa wenye meno kama tupa, nao unapita kwenye ukingo wa bawa la kulia. Nyenje naye hulia kwa mabawa, ila kwake aghalabu la kulia ndilo la juu. Ukitaka kumtenga zaidi na nyenje, hesabu pingili za wayo: senene ana nne, nyenje ana tatu. Nzige naye ana tatu. Utahitaji lenzi, au macho ya mjukuu wangu.

Rangi usiitumie kabisa. Katika ndoo hii wamo wa kijani, wamo wa kahawia, na nimeona mmoja mwenye mistari ya zambarau. Sokoni kuna watakaokuapia kuwa wa kahawia ni kabila jingine. Wote ni spishi moja, Ruspolia differens. Daftari langu la chuoni linamwita Homorocoryphus, jina lililokuwa likitumika zamani, nami nimelikata kwa kalamu nyekundu.

Nikiri kwamba najua kinachowachanganya watu: wote wawili huja kwa makundi makubwa. Lakini makundi ya nzige wa jangwani husafiri mchana na usiku hutua kulala. Senene huruka usiku na kufuata taa, ndiyo maana ya yale mabati.

Bibi yangu mzaa mama, wa Muleba, alichambua senene maisha yake yote bila kuwaonja. Zamani kwetu mwanamke alikusanya na kukaanga, mwanamume ndiye aliyekula. Nilipomuuliza sababu aliniambia mwanamke akila atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka. Nilicheka. Baadaye chuoni mwalimu akatuwekea senene chini ya lenzi na kutwambia tutazame paji la uso, limechongoka kama pia, na kwamba kichwa hicho ni mojawapo ya alama za kundi lake. Bibi hakuwahi kushika lenzi, na mwiko ule sikuwahi kuufuata, lakini alama alikuwa ameiona.

Ninachoomba ni kidogo: chapeni marekebisho, tena yenye picha, maana maneno matupu hayatamfikia mpwa wangu. Picha nimeiambatanisha. Ni huyuhuyu wa kwenye glasi, ameshikwa kwa upande ili upanga, vipapasio na goti la mbele vionekane. Ana mguu mmoja tu wa nyuma. Huo mwingine aliuchukua paka kabla sijapata kamera.

Mwalimu mstaafu,
Bukoba