Barua ya mwaka 2020 kwa rafiki aliyefungiwa ndani pamoja na baiskeli yake wakati wa korona

Swahiba wangu,

Salamu, na baada ya salamu: barua yako nimeipata. Unasema ramani umeimaliza kuichora, mabegi yapo tayari, na baiskeli imeegeshwa ukutani kama mgeni aliyekatazwa kuondoka. Dawa ya hamu sina. Ila jua kwamba baiskeli iliyosimama haibaki kama ulivyoiacha. Wengi watatoka kwa pupa siku ya kufunguliwa, kisha wakwame njiani kwa ubovu ulioanzia sebuleni.

Baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba korona ni janga la dunia, 11 Machi 2020, kila nchi ilijitungia amri zake. Uhispania ilikataza baiskeli za mazoezi hadi 2 Mei. Ufaransa iliruhusu mtu kujinyoosha kwa saa moja, asivuke kilomita moja kutoka nyumbani. Uingereza iliacha hata maduka ya baiskeli yaendelee na kazi. Basi fuata amri ya hapo ulipo, usifuate habari za kwingine.

Anza na tairi. Tyubu nzima kabisa nayo hupoteza upepo, maana hewa hupenya polepole kwenye mpira wenyewe. Baiskeli ikilalia tairi lililolegea, ubavu hukunjika mahali pale pale mpaka unapata nyufa. Itundike; kama huna pa kuitundika, jaza upepo kila baada ya wiki mbili na uzungushe magurudumu kidogo. Kwa tairi zisizo na tyubu, ile dawa ya maji ya kuziba matundu hukauka kati ya miezi miwili na sita, na penye joto huwahi zaidi. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza, ongeza.

Cheni ipime kwa rula ya chuma. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu vipande 24 (kutoka pini hadi pini inayofuata ni kipande kimoja), usome katikati ya pini unayofikia. Cheni mpya husoma milimita 304.8. Ikifika 306.3 na baiskeli yako ina gia 11 au zaidi nyuma, ibadilishe. Zenye gia chache zaidi zinaweza kusubiri hadi 307. Ikipita 307.8, meno ya gia yamekwisha kulika kwa kuifuata, na cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika popote: ni pini na matundu yake vimelika, na kila kiungo kimepata nafasi kidogo. Vipuri huweza kuadimika, kwa hiyo pima leo, usingoje wiki ya safari.

Jambo moja limeletwa na janga lenyewe. Nyumba nyingi zina kitakasa mikono, na mtu hushawishika kukitumia kufutia diski za breki kwa kuwa ni spiriti. Usithubutu. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una glisarini asilimia 1.45 ili ngozi isikauke, na glisarini haikauki kama spiriti. Hubaki juu ya diski, ikaingia kwenye pedi, breki zikaanza kupiga kelele na kuteleza. Tumia spiriti tupu na kitambaa safi. Na kama breki zako ni za mafuta, ukitoa gurudumu usibonyeze mkono wa breki: pistoni, yaani vyuma vinavyosukuma pedi, zitasogea, pedi zitabanana, na diski haitaingia tena mpaka uzirudishe taratibu kwa kitu bapa kisicho na ncha.

Kama unakanyaga ndani, baiskeli ikiwa juu ya mashine ya mazoezi, tatizo ni jasho. Njiani upepo hulikausha. Chumbani linadondokea usukani na boliti zake, na chumvi inakula. Funika kwa taulo, ufute kila ukimaliza. Chomoa pia nguzo ya kiti, uipake grisi na kuirudisha: ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma hushikana kabisa ikiachwa muda mrefu. Ya kaboni usiipake grisi, ina dawa yake maalumu.

Sasa spoki, ambazo wasafiri huzisahau mpaka ziwakumbushe. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo, na upande wa kulia, kwa kuwa gia zimechukua nafasi, spoki husimama wima zaidi na hukazwa zaidi kuliko za kushoto. Mara nyingi hukatikia huko, kwenye kona pale zinapoingia kitovuni. Ndiko kubaya zaidi, kwani huwezi kupachika mpya bila kutoa gia, na gia hazitoki bila kifunguo chake na mjeledi wa cheni, kifaa cha kuzishika gia zisizunguke. Zigonge moja moja kwa ukucha; za upande mmoja zilie karibu sawa. Inayolia kwa sauti nzito imelegea. Chukua za akiba kwa kila urefu, maana za mbele, za nyuma kulia na za nyuma kushoto aghalabu hazilingani, na milimita mbili tu zinatosha kukukwamisha. Zifunge kwa utepe kwenye fremu.

Kinachokufanya huru njiani ni kutomtegemea fundi, na hilo unaweza kujifunza mlango ukiwa umefungwa. Toa tairi, toboa tyubu kuukuu, uzibe: sugua kwa msasa, paka gundi nyembamba kwenye eneo linalozidi kidogo ukubwa wa kiraka, kisha subiri kama dakika tano hadi isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Viraka vingi hubanduka kwa sababu mtu alibandika gundi ikiwa mbichi. Pia kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kidole ndani ya tairi kwa uangalifu. Mwiba uliobaki humfanya mtu azibe pancha ile ile mara mbili. Kagua na gundi yenyewe, kwani ikishafunguliwa hukauka ndani ya kopo.

Mwili nao umezembea. Mapafu na miguu hurudi upesi, ngozi ya makalio ndiyo huchelewa. Siku za kwanza panga theluthi ya mwendo uliouzoea, na mzigo mzito uweke chini, mwingine mbele. Ukirundika wote nyuma, usukani utatetemeka kwenye mteremko.

Nisomee namba zilizo ubavuni mwa tairi lako, zilizoandikwa mfano wa 37-622. Namba ya pili ndiyo muhimu, kipenyo cha rimu. Zikilingana na zangu, tutabeba tairi moja la akiba na tyubu za aina moja kwa wote wawili, na wewe utachukua vifunguo vya gia.

Wako katika kungoja.