Kata moja ni glasi ngapi?

Mhariri,

Nauza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hapa Kibosho mwaka wa 14 sasa. Juzi walikuja vijana wawili wa utafiti wa pombe na ngono zembe. Wakamuuliza mzee mmoja pale kwenye benchi: "Ukinywa, unakunywa glasi ngapi?" Mzee akaitazama kata, chombo chetu cha kunywea, iliyokwisha kupita kwa watu watatu kabla yake, akasema, "Andika mbili." Wakaandika mbili!

Maswali yenyewe, yale kumi ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji wa pombe, ya mwaka 1989, siyakatai. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita yalikofanyiwa majaribio. Ila kipimo chake cha kinywaji kimoja ni gramu 10 za kilevi, na mwongozo wake unataka kilinganishwe na vinywaji vya mahali. Mbege ya leo si kali kama ya juzi. Hata mimi naionja kwanza.

Swali la kondomu ndilo lilinichekesha. Dereva wa bodaboda kaulizwa kama huitumia, mkwewe akiwa hatua mbili tu kutoka hapo. Walitegemea ajibu nini?

Waje asubuhi, sijafungua. Kata ya kupimia nitawapa.

Mama Muuza Mbege,
Kibosho, Moshi