Babu, nimemwona kipunji Chicago

Chicago, 18 Januari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mugonile wewe na Bibi, mugonile na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, ila baridi ya huku inanifanya niikumbuke ile ya Tukuyu kama jua la mchana.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumamosi iliyopita nilikuwa maktaba, nikaomba jarida liitwalo Science, toleo la Mei 2005. Nilipolifungua, Babu, nilikuta picha ya kipunji, yule tumbili wa msitu wetu wa Rungwe. Uso mweusi tii, nywele za utosini zimesimama wima kama ulivyokuwa ukituonyesha kwa vidole juu ya kichwa chako, na manyoya marefu ya kahawia, ya mnyama aliyezoea ukungu. Niliikodolea macho mpaka mkutubi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Unakumbuka mwaka 1998, nikiwa darasa la tano? Mwalimu alituagiza tuandike wanyama wa msitu wa Rungwe. Niliandika mbega, kima na kipunji. Jina la kipunji akalikata kwa wino mwekundu, akasema hizo ni hadithi za wazee. Nikarudi nyumbani nikakuambia mbele ya wageni kwamba umenidanganya. Hukunijibu, uliendelea kumenya viazi. Hilo limekuwa likinichoma tangu Jumamosi. Naomba unisamehe, Babu.

Wataalamu wenyewe walisikia habari zake kwanza kwa wawindaji wa kwetu, kisha mwaka 2003 wakamwona Rungwe. Mwaka uliofuata wenzao wengine, bila kujua habari za hawa, wakamkuta msitu wa Ndundulu, huko Udzungwa. Kwa kuwa walijua ni wachache, hawakutaka kumpiga risasi hata mmoja. Wakamtangaza duniani kwa picha na sauti zilizorekodiwa. Na jina hawakulibadilisha. Hata kwenye jina lake la Kilatini kuna neno kipunji, lile lile lililokatwa kwa wino.

Kuna habari nyingine iliyonileta karibu zaidi na nyumbani. Baadaye kipunji mchanga, dume, alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, shambani kwa mahindi, huko huko Rungwe. Mwili wake uliletwa hapa Chicago, kwenye makumbusho ya Field Museum. Walipompima wakaona hafanani vya kutosha na jamaa zake, wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake wa kisayansi, Rungwecebus. Jenasi mpya ya tumbili wa Afrika haikuwa imepatikana tangu 1923. Hawekwi hadharani, yuko stoo na vielelezo vingine. Lakini kila nikipita na basi mbele ya jengo lile, moyoni nasema kuna mtu wa kwetu humo ndani.

Ndiyo maana nina ombi, na naomba ulifikishe kwa Mjomba kwa utaratibu, asidhani namfundisha kazi. Najua mahindi ya ukingoni mwa msitu yanaliwa, na najua njaa ya mwezi wa pili ilivyo. Ila zile nyaya anazotega hazichagui. Hesabu iliyochapishwa 2008 iliwakuta vipunji 1,117 tu, na 75 kati yao ndio wa Ndundulu. Waliobaki wote wako kwetu, Rungwe hadi Kitulo. Nitatuma hela kidogo mwisho wa mwezi ili apate vijana wawili wa kuamia shamba hadi mavuno, wawafukuze kwa debe na makelele. Waya azing'oe, tafadhali.

Bibi mwambie kitenge alichonipa nakilalia kama shuka ya juu. Ndaga fijo, asanteni sana.

Jumapili nitapiga simu baada ya ibada. Ukiwa na nguvu, Babu, naomba ulie kama kipunji tena, vile ulivyokuwa ukiweka viganja viwili mdomoni, sauti ya honi iliyochanganyika na kubweka. Safari hii nitakurekodi.

Mjukuu wako