Viongozi wa SACCOS, tuonyesheni data ikirudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa SACCOS, wakuu wa shule na wenye zahanati, hasa wa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza. Ofisi nyingi huniita maji yakiwa yameshamwagika: diski imekufa, umeme umerudi kwa nguvu ukaunguza seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, au virusi vimefunga mafaili yote na kuacha ujumbe wa kudai pesa. Nikiuliza kama kuna bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, naambiwa, "Ipo fundi, tunachukua kila siku." Nikiuliza ni lini waliirudisha kwenye kompyuta nyingine wakaona inafunguka, watu wanaanza kutazamana.

Kuna SACCOS moja ya watumishi, sitaitaja. Diski ya seva yao ilipokufa, mhasibu alinikabidhi flashi ya GB 32 bila wasiwasi wowote. Programu yao ilikuwa ikinakili data kila usiku na kuweka nakala za siku saba za mwisho; ya nane ikiingia, ya kwanza inafutwa. Nilipoifungua, nakala zote saba zilikuwepo na tarehe zake ziko sawa. Kilichonishtua ni ukubwa: zote zililingana, kila moja karibu GB 4, wakati wanachama huweka na kukopa kila siku. Flashi ile ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Data ilipovuka hapo, kila usiku nakala ilikatika njiani, na programu ikaendelea kuandika kwamba kazi imekamilika. Nakala nzima za zamani zilikuwa zimeshafutwa kupisha hizi zilizokatika.

Kilichowaokoa ni nakala ya kufunga mwaka iliyobaki kwenye laptopu ya afisa mikopo. Kuanzia hapo kila kitu kiliingizwa upya kwa mkono, kutoka kwenye karatasi za benki, miamala ya simu na stakabadhi za wanachama. Mama mmoja mstaafu alileta zake zimefungwa kwa mpira, kila moja na mhuri wake, akamalizana nao siku hiyohiyo. Waliotupa za kwao ilibidi waanze kutafuta mashahidi wa fedha zao wenyewe. Hilo liliniuma, kwa sababu kutunza kumbukumbu ni kazi ya ofisi, na mwanachama alishatimiza wajibu wake alipolipa.

Yamewakuta hata wenye mafundi wengi. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilifuta kwa bahati mbaya data ya seva yake kuu. Walipokimbilia nakala za kila siku, wakakuta zilikuwa zikishindwa kwa sababu toleo la programu ya kunakilia halikuoana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa hazifiki. Waliponea kwenye nakala ambayo fundi wao aliichukua kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Waliyaeleza yote hadharani, nami nawaheshimu kwa hilo.

Wapo wanaoniambia, "Sisi tuko salama, kila kitu kiko mtandaoni." Folda ya kompyuta inayojilinganisha yenyewe na ile ya mtandaoni inabeba na uharibifu: faili likifungwa na virusi hapa, na kule linabadilika, na muda wa kurudisha lile la zamani una mwisho. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona hata bandari ya Dar es Salaam. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zikaangamia pamoja. Ikapona moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo haikuwa mtandaoni. Kwa hiyo wekeni angalau nakala moja isiyochomekwa popote, tena nje ya jengo. Diski ya bakapu inayolala droo moja na seva itaibwa nayo au kuungua nayo.

Ninachoomba ni zoezi la kurejesha, kila baada ya miezi mitatu. Tafuteni kompyuta nyingine isiyo na kitu, chukueni nakala ya jana, irudisheni, kisha fungueni akaunti za wanachama kumi na kulinganisha salio na stakabadhi zao. Afanye mtu tofauti na yule anayechukua bakapu kila siku. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba nywila ya kufungulia iko kichwani mwa mfanyakazi aliyeshahama. Pimeni na muda. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 100 huchukua kama saa 22 kushuka, endapo haikatiki. Wanachama mtawaambia nini saa zote hizo?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee. Kwa hiyo, wanachama wenzangu, kwenye mkutano mkuu msiishie kuuliza gawio. Ulizeni data ilirejeshwa lini mara ya mwisho, nani alishuhudia, na ilichukua saa ngapi. Mwombeni katibu aandike majibu kwenye muhtasari.

Fundi wa kompyuta,
Nyamagana, Mwanza