Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2018: Gavana Ray, Mtu Aliyejibu Barua

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanaozungumza Kiswahili hapa Des Moines, wazee wetu, mama zetu na nyie vijana mliokuja na baridi hii, karibuni sana. Mambo ya kawaida ntayapitia haraka. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, misiba tumezika pamoja, wagonjwa tumewatembelea, na hesabu atawasomea mweka hazina mwenyewe. Mimi muda wangu mwaka huu nataka niutumie kwa mtu ambaye hakuwa mwanachama wetu na wengi wenu jina lake mlilisikia mwezi wa saba tu, alipofariki.

Gavana Robert Ray alifariki tarehe 8 Julai hapahapa Des Moines, mji aliozaliwa, akiwa na miaka 89. Aliongoza jimbo letu hili la Iowa miaka 14, toka 1969 mpaka 1983. Mwili ulipowekwa Capitol, lile jengo la serikali ya jimbo lenye kuba la dhahabu, tulienda wachache wa chama kuaga, na kwenye foleni mama mmoja wetu akaniuliza, mwenyekiti, huyu mzee alitufanyia nini sisi, na mbona wale wazee wa Kiasia wanalia kama wamefiwa na baba? Sikumjibu vizuri siku ile, foleni ilikuwa inasogea. Mama, naomba nikujibu leo mbele ya wote.

Wale wazee ni wa kabila la Tai Dam. Kwao ni milimani kaskazini magharibi ya Vietnam, vita ikawatoa miaka ya 50 wakaingia Laos, wakajenga, wakazaa, alafu 1975 Laos nayo ikachukuliwa na wakomunisti wakakimbia tena kuvuka mto Mekong mpaka Thailand kwenye kambi ya Nong Khai. Nyie Warundi mliokimbia mauaji ya 1972 si mnaijua hii hadithi? Mlikimbia mkaingia Kongo, wengine Rwanda, vita ikawakuta hukohuko mkaishia kambi za Kigoma. Mtu anayekimbia mara mbili anaogopa kitu kimoja zaidi ya njaa, anaogopa kutawanywa. Na sera ya Marekani wakati ule ilikuwa hivo hasa, wakimbizi wagawanywe majimbo mbalimbali, familia hii huku ile kule. Rafiki yao Mmarekani, Arthur Crisfield, aliyewahi kufanya kazi Laos, akawaandikia magavana 30 kuomba hawa watu wapokelewe pamoja. Magavana 30 jamani, na aliyekubali ni mmoja tu, Ray.

Na hakuishia kusema karibuni. Aliomba ruhusa Washington ili Tai Dam waletwe jimbo moja, akaunda kikosi chake cha kuwapokea, akakiweka chini ya ofisi ya ajira ya jimbo iliyokuwa inaongozwa na mama Colleen Shearer, manake Ray aliona mkimbizi akipata kazi mapema na jirani wa kumshika mkono atasimama mwenyewe. Makanisa na familia za kawaida wakawa masponsa. Zaidi ya watu 1,000 wakaja. Sio kila mtu alifurahi, wapo waliolalamika kwamba kazi zitaisha, na yeye ni mwanasiasa anayetafuta kura, wa chama cha Republican, ila hakurudi nyuma. 1978 akagombea tena na wakamchagua.

1979 akaona kwenye TV watu wa Vietnam wanazama baharini kwenye mitumbwi, akamwandikia Rais Carter kwamba Iowa iko tayari kuchukua wengine 1,500. Mwaka uleule akaenda mwenyewe kambi ya Sa Kaeo, mpakani mwa Thailand na Kambodia, akakuta watu wanakufa mbele ya macho yake. Aliporudi Wanaiowa wakachanga zaidi ya dola 500,000, ikapelekwa chakula na dawa, na madaktari na manesi wakaenda. Na zile senti 5 watoto wetu wanazorudishiwa wakipeleka makopo ya soda, ni sheria aliyoisaini yeye 1978.

Kwaiyo mama yangu, sisi moja kwa moja hakutuleta. Lakini ofisi aliyoianzisha iliendelea kupokea wakimbizi mpaka 2010, serikali ya jimbo yenyewe inapokea, kitu ambacho jimbo lingine lolote Marekani halikuwa nacho. Familia za kwanza za Warundi zilipotua hapa, njia ilishapigwa miaka 30 kabla. Kinachoniuma mimi, na nasema kwa moyo wote, ni kwamba tumeishi mji mmoja na yule mzee miaka hii yote na hatukuwahi hata siku moja kwenda kumwambia ahsante akiwa hai.

Na ameondoka kipindi kigumu. Mwaka wa fedha ulioisha Septemba 2018, Marekani nzima imepokea wakimbizi 22,491 tu, wakati kiwango kilichowekwa kilikuwa 45,000, na cha mwaka mpya wa fedha, 2019, kimeshushwa mpaka 30,000. Waliofika wengi ni Wakongo kuliko taifa lolote. Humu ndani wapo wenye mama zao na watoto wao bado Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, interview ya kuja huku wamefanya, medical, yaani vipimo vya afya, imeisha muda wanarudia upya. Nawajua, mnanipigia usiku.

Ndo maana kamati imekubaliana mambo mawili. Kwanza, Januari tutaenda kuwaona wazee wa Tai Dam kutoa pole, tutaenda na chakula chetu, kina mama wameshaanza kupanga. Pili, kila familia mpya ya Kiswahili itakayotua Des Moines, hata wasio wa kabila letu, hata wasio wa dini yetu, ikute mtu wetu airport na sufuria ya moto nyumbani. Karatasi iko kwa katibu pale mlangoni, andikeni jina, siku mnazokuwa off, na gari yenu inabeba watu wangapi.